Krismasi kwa mtoto ambaye kwao hakuna kitu: vile sisi walimu huku Malindi tunafanya

Nianze na kosa langu mwenyewe manake ndio lililonifunza. Januari moja, wiki ya kwanza ya kufungua shule, niliwapa watoto wa gredi ya 5 waandike insha, kichwa "Krismasi yangu", ile insha ambayo kila mwalimu huitoa Januari bila hata kufikiria. Kuna msichana mmoja mtaratibu, hana kelele, akaandika ukurasa mzima na nusu. Mama alinunua mchele, baba akaleta nyama, wageni wakaja, "tukala pilau nyeupe tukashiba sana". Mimi nikachukua biki nyekundu nikaizungushia ile "nyeupe", nikaandika kando: pilau haiwi nyeupe. Halafu, Mungu anisamehe, nikamwita asome mbele ya wenzake. Alipofika hapo kwa pilau nyeupe darasa zima likacheka, na yeye akaendelea kusoma, sauti ikishuka, ikishuka, mpaka mistari ya mwisho nikawa simsikii. Usiku niko kitandani ndio nikaelewa. Huyu mtoto hajawahi kuona pilau ikipikwa kwao. Alikuwa anaisikia tu kwa watoto wenzake, akajitungia Krismasi yake, na rangi ndio ilimponyoka.

Tangu mwaka ule mimi na walimu wenzangu wachache tumekuwa tukifanya hii kazi ya kushika watoto likizo ya Desemba, yaani kuwaangalia wale wa nyumba zisizo na kitu wasilale njaa, na tumekosea mara nyingi kabla ya kupata njia. Nimeulizwa na walimu wa shule nyingine tunafanyaje, kwa hivo naandika yote hapa. Shabaha yetu ni moja tu, mtoto akumbuke kwamba kile chakula kilitoka mkononi mwa mamake au hawe wake (nyanya yake), sisi walimu tusionekane popote. Kila kitu kingine kinafuata hapo.

Anza Oktoba, usingoje Desemba

Shule zinafungwa mwisho wa Oktoba na kufunguliwa mwanzo wa Januari, hiyo ni kama miezi miwili, na kwa mtoto ambaye sahani yake ya uhakika ni ile ya githeri ya shule hiyo ni miezi miwili bila lanchi. Watu hufikiria shida ni tarehe 25. Tarehe 25 mara nyingi hata mtoto hupata sahani kwa jirani, watu wa Pwani hawamfukuzi mtoto kwenye sinia. Shida ni ile wiki ya pili ya Novemba ambayo hakuna anayeikumbuka, na ile wiki baada ya mwaka mpya ambapo hata hao majirani wameishiwa.

Kwa hivo wiki mbili kabla ya kufunga, saa ya lanchi, nenda usimame karibu na jikoni. Usishike daftari, usiulize mtu kitu, simama tu kama unayepunga upepo. Utaona. Mimi niliona kijana wa gredi ya 3 anakula githeri yake nusu, haraka haraka, halafu anageuka ukutani anatoa kopo la Blue Band kwa begi, ile nusu nyingine anaimiminia ndani na kijiko, anabonyeza kifuniko kwa kiganja, anaweka kopo chini ya vitabu. Vitabu vyake ukivifungua vina alama za mafuta, na mimi nilikuwa nimemgombeza kwa uchafu wa vitabu muhula mzima. Kumbe yuko na dadake mdogo nyumbani hajaanza shule na ile ndio lanchi yake.

Alama nyingine ni mtoto anayeharibika tabia wiki za mwisho. Wenzake wanahesabu siku wanaimba, yeye anapigana, analia kwa kitu kidogo, hataki kwenda nyumbani saa kumi. Na kuna wale wanakuuliza "ticha, mtafungua lini?" na hata hamjafunga. Mtoto akikuuliza hivo usimjibu tarehe tu ukapita.

Usidanganywe na nguo. Kuna mtoto yunifomu yake imejaa mchanga kwa sababu amecheza mpira na kwao kunaliwa vizuri tu, na kuna mwingine kola imenyooka, safi kila siku, kwa sababu hawe wake anaifua kila jioni hiyo hiyo moja na kuianika juu ya moto usiku ikinyesha. Huyo wa pili ndio mwenye njaa na ndio utamkosa ukiangalia kwa macho tu.

Halafu chagua wachache. Darasa langu lina watoto 62, siwezi kushika 62, na tuliojaribu kushika wote tuliishia kumpa kila mtu pakiti ya biskuti. Watoto sita au saba, lakini uwashike vizuri kuanzia Novemba mpaka shule ifunguliwe. Wengine wagawie walimu wenzako.

Darasani, acha mambo haya

Acha pati ya kufunga shule ya mchango wa shilingi 100 kila mtoto. Najua inapendwa na mimi pia nilikuwa naipenda, soda na keki na muziki, lakini kuna watoto siku hiyo wanajifanya wagonjwa ili wasije, angalia rejista utaona ni wale wale. Kama mnataka kula pamoja pikeni sufuria moja, mwenye nazi alete nazi, mwenye kuni alete kuni, asiye na kitu achote maji, na wote wale sawa. Na zile graduesheni za watoto wa PP2 na majoho ya kukodisha mimi siziungi mkono kabisa, mtoto wa miaka mitano kuwekwa kando wenzake wakipigwa picha kwa sababu mamake hakulipa joho ni kitu hatakisahau.

Acha kubadilishana zawadi kwa kuokota majina. Acha kuuliza "nani amenunuliwa nguo?" hata kwa kutania. Na ile insha yangu ya Krismasi iache iende zake, wape "Siku niliyochota maji mbali" au "Mti ulio karibu na kwetu", kila mtoto ana mti.

Kwenda nyumbani

Hapa ndio penye kazi na hapa ndio watu wengi wanaharibu, kwa hivo nitakaa kidogo.

Usiende peke yako na usiende kama kikosi. Wawili wanatosha, na mmoja awe mtu wa mtaa ule, mama wa jumuiya au jirani mwenye heshima. Mzee wa mtaa ajue, lakini si lazima muandamane naye manake akitokea yeye watu wanajua kuna jambo na wanatoka nje kuangalia. Nenda jioni saa kumi hivi jua limepoa, nenda kwa miguu au shuka tuktuk mbali kidogo, na siku ya kwanza usibebe kitu mkononi. Ukija na mfuko siku ya kwanza umeshamaliza mazungumzo kabla hujaketi, mwenye nyumba atasema ndio kwa kila kitu na hutajua ukweli wowote.

Piga hodi, ukikaribishwa kaa pale ulipoonyeshwa, kama ni jamvi ni jamvi, kama ni kigoda ni kigoda. Ukipewa chai ya strungi kunywa, hata kama unajua sukari iliyotiwa ilikuwa ya mwisho. Ukikataa chai umesema nyumba hii haina uwezo wa kunikaribisha. Uliza habari za shamba, mvua ya vuli imenyeshaje, za wagonjwa, kisha msifu mtoto kwa jambo la kweli analofanya shule. Mzazi maskini akiitwa au kutembelewa na mwalimu huwa anajua ni mashtaka au ni pesa, mpe kwanza habari njema apumue.

Halafu usiseme "tumekuja kuwasaidia". Sema "nimekuja tuzungumze vile tutamshika huyu mtoto likizo hii". Tutamshika, mimi na wewe. Kisha uliza, na ukishauliza nyamaza, usikimbilie kujaza kimya.

Nilikwenda kwa hawe mmoja nje ya mji, njia ya kwenda Ganda. Anashona makuti, amekaa chini na rundo la majani ya mnazi, anazungumza na mimi huku vidole vinakunja na kufunga bila kuangalia. Analea wajukuu wanne. Mimi kichwani nilikuwa na orodha yangu tayari, mchele kilo nne, mafuta, sukari. Nikamuuliza, akanyamaza mpaka akamaliza kuti moja akaliweka kando, akaniambia, "Mwanangu, mchele ukiniletea nitapokea na nitashukuru, tutakula siku mbili tatu. Lakini mimi kinachonisumbua ni daftari la dukani. Siku hizi sipiti mbele ya lile duka, nazunguka nyuma kwa migomba kama mwizi, na hawa watoto wananiona."

Mimi nilikuwa sijawahi kufikiria daftari la dukani. Nikaenda kwa mwenye duka, kijana mwenye adabu, akafungua lile daftari lake la kurasa zilizojikunja, akanionyesha. Unga nusu. Mafuta ya 20. Kiberiti. Unga nusu. Sabuni kipande. Unga nusu. Unga nusu. Hakuna hata soda moja mle, hakuna hata kitu kimoja ambacho ungesema huyu mama anatumia vibaya. Jumla 1,140. Nilikuwa nimetenga pesa zaidi ya hizo kwa ile orodha yangu! Tukalipa, tukaacha na kiasi kidogo juu, nikamwambia akiulizwa aseme deni limelipwa basi. Januari yule mtoto ndio aliniambia mwenyewe bila kuulizwa, alikuwa ananiambia kwa fahari, "Ticha, hawe alitutuma dukani Krismasi, akatupa pesa zake za makuti, tukanunua unga wa chapati." Pesa zake za makuti. Zamani zote zilikuwa zinaingia kwa deni.

Basi tangu hapo swali la kwanza ninalouliza baada ya chai ni la deni. Si kila nyumba, na si kila mwenye duka ni muungwana, kuna wengine wakijua mwalimu analipa wanaongeza tarakimu, kwa hivo omba daftari ulione kwa macho, na mwenye deni awepo au awe amekuambia kiasi anachokijua yeye. Vikilingana lipa, visipolingana zungumza. Na usiingie nyumba ya mtu na mawazo kwamba baba analewa mnazi ndio maana hakuna chakula. Wapo wanaolewa. Lakini wapo wengi ambao ule ukame wa 2020 hadi 2022 ulimaliza mbuzi wote na hawajainuka tena, na wapo wanaofanya vibarua vya ujenzi ambavyo Desemba husimama manake mwenye nyumba amekwenda likizo.

Kama ni vitu, basi vitu gani

Angalia wanapikia nini. Ni mafiga matatu na kuni za kuokota, kwa hivo maharagwe makavu ya kuchemka masaa matatu ni mzigo, ukitaka kupeleka peleka pojo zinaiva haraka. Hakuna friji, kwa hivo nyama nyingi siku moja inaoza au inaliwa yote mpaka watoto wanaumwa na tumbo. Ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, anakaa, kipande kidogo kinatia ladha sufuria nzima ya mchuzi wa nazi. Unga wa sima, mafuta, chumvi, sukari, majani ya chai, viberiti, sabuni ya kipande. Sabuni watu husahau na sabuni ndio mama atakushukuru kwayo mpaka machozi, manake pesa ikipatikana huenda kwa unga na sabuni hungoja. Kama kuna msichana mkubwa nyumbani weka na pedi, za miezi miwili, zifunge kando na umpe mama.

Desemba ni msimu wa maembe na utasikia watu wanasema watoto hawafi njaa, maembe yamejaa. Embe si lanchi. Mtoto anayekula embe asubuhi na embe mchana na embe jioni utamwona Januari alivyo.

Gawanya mara tatu. Mara ya kwanza katikati ya Novemba, mara ya pili kabla ya tarehe 20 Desemba, usingoje tarehe 24 manake bei zinapanda na madukani hakupitiki, na mara ya tatu ile wiki ya kwanza ya Januari. Ukiwa na pesa ya mara mbili tu, ruka hiyo ya Krismasi yenyewe. Najua hii inashangaza. Lakini nimeshaeleza, tarehe 25 mitaani kuna sinia, tarehe 3 Januari hakuna.

Ila kama unaweza, hiyo ya Desemba iwe na pilau. Hii ni yangu mimi binafsi, kwa sababu ya yule msichana. Kwa nyumba ya watu saba tunaweka mchele kilo moja na nusu, nyama nusu kilo au kuku mzima anayetembea, vitunguu vikubwa vinne, viazi, thomu, tangawizi, na bizari nzima, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga tunazifunga kwa kijikaratasi. Vitunguu visipungue, manake rangi ya pilau hutoka hapo kwa vitunguu, unavikaanga mpaka viwe hudhurungi kabisa, karibu kuungua, ndio unatia thomu na nyama. Mama anapika mwenyewe, jikoni kwake, mlango wazi harufu itoke nje. Ukileta pilau imeshapikwa kwa ndoo umewalisha, lakini huyo mtoto hajaona mamake akipika pilau.

Nguo na viatu

Hapa fupi. Krismasi kwetu ni nguo mpya, mtoto asiye na nguo mpya hatoki nje siku hiyo, hilo sote tunalijua. Ukiwa na pesa kidogo nunua viatu vyeusi vya shule na yunifomu Desemba badala ya Januari, avae Krismasi vikiwa vipya na avae tena siku ya kufungua shule, pesa moja kazi mbili, na huku kwetu hakuna anayemshangaa mtoto kuvaa yunifomu kanisani. Nguo nyingine mpe mama hiyo pesa muende naye mitumbani achague mwenyewe. Usiwanunulie watoto saba fulana za rangi moja, mtaa mzima utajua hao ndio watoto wa msaada.

Pesa zatoka wapi

Sisi ni walimu, mishahara yetu mnaijua. Tunachanga 200 kila mwezi kuanzia Februari, mwalimu asiye na kitu mwezi huo anapita bila kuulizwa, na tunaweka kwa M-Pesa ya mtu mmoja lakini mwingine ndio anaandika kitabu, ikitumika pesa wote wawili wamejua. Risiti zote zinapigwa picha. Kwenye grupu la WhatsApp majina ya watoto hayaandikwi kamwe, tunaandika "nyumba ya kwanza", "nyumba ya pili", kwa sababu simu zinaazimwa, watoto wetu wenyewe wanazisoma, na siri ya nyumba ya mtu ikitoka haina wa kuirudisha. Hedi ajue mnafanya nini lakini msiguse pesa za shule hata kidogo. Serikali hutoa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa praimari na hizo zina vitabu vyake na hesabu zake, hata njaa ikiwa kali vipi huko si pa kukopa.

Ukienda kuongea na mzazi uliza pia kama kuna mzee wa miaka 70 na zaidi nyumbani au yatima wanaolelewa, na kama wameandikishwa kwa zile 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali. Wengine hawajaandikishwa kwa sababu kitambulisho kilipotea tu. Kwenda na hawe kwa chifu asubuhi moja kunaweza kumfaa miaka, kuliko mchele wako.

Na kuhusu dini. Malindi ni mji wa Waislamu na Wakristo na wa dini za wazee wetu pia, na njaa ya likizo haichagui. Kama mtoto ni Muislamu usimpelekee mfuko umeandikwa Krismasi Njema, kwake ni chakula cha likizo tu, na yeye sherehe yake itafika Idi na tunamkumbuka Idi. Mchango wetu mkubwa mwaka juzi ulitoka kwa baba mmoja Muislamu mwenye duka la vyombo, alitoa gunia zima la mchele akasema sadaka haina kalenda, na hakutaka jina lake litajwe popote.

Picha, wageni na ufuoni

Usipige picha. Hata moja, hata ya mgongo, hata ya "kumbukumbu tu". Kuna mwaka tulipata mtu wa kutusaidia, akaja na watu wake, akapanga watoto mstari wameshika unga kifuani, picha zikaenda stetasi na kila mahali, na mtoto mmoja hakurudi shuleni kwetu Januari, alihamia kwa mjomba wake kwa aibu. Chakula chenyewe kilikuwa cha siku tatu. Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mtoto haki ya faragha yake, lakini hata kusingekuwa na sheria, wewe ungependa picha yako ukipokea unga? Mfadhili akisema bila picha hatoi, mshukuru umwache aende.

Desemba mji unajaa wageni, Waitaliano hasa, na watoto wetu wanajua "ciao" kabla ya kujua kuandika majina yao. Mtoto mwenye njaa anaachwa nyumbani, mama yuko kazini hotelini mpaka usiku manake huo ndio msimu, baba yuko baharini, kaskazi imetulia samaki wanapatikana, basi mtoto anashuka ufuoni kuomba peremende, kisha kuomba pesa, na kuna watu wazima, wageni na wenyeji, wanaomngoja hapo kwa nia mbaya. Hili tusilifunike kwa aibu. Waambie watoto kabla ya kufunga, kwa maneno wazi kulingana na umri wao, kwamba hakuna kwenda chumba cha mtu, hakuna kupanda gari au boda ya mtu kwa ahadi ya zawadi, na hakuna siri kati ya mtoto na mtu mzima. Waandikie 116 nyuma ya daftari, ni bure na inapokelewa usiku na mchana. Na wasichana wakubwa uwaambie wazi kuhusu disko matanga, zile ngoma za usiku za matangani, Desemba ndio zinazidi, na sherehe za mitaani za usiku wa mkesha. Ukisikia jambo limetokea usingoje shule ifunguliwe, nenda kwa afisa wa watoto siku hiyo hiyo, usikubali wazee walimalize kwa mbuzi.

Tulichofanya sisi ni asubuhi mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, chini ya mwarobaini wa jirani wa shule. Hadithi, michezo, bao, na sufuria ya uji. Si tuisheni, tuisheni ya likizo imekatazwa kisheria tangu 2013 na hatutozi hata senti, ni kukaa pamoja tu. Yeyote anakuja, mwenye nacho na asiye nacho, kwa hivo kuja si alama ya umaskini. Uji unaandaliwa na mama wawili kwa zamu na ndio hao hao ambao watoto wao tuko nao kwenye orodha, lakini hakuna anayejua hilo, wao ni wapishi wetu na tunawalipa kidogo. Ukiwa huwezi mara mbili fanya mara moja. Ila ukisema Jumanne uwepo Jumanne, manake kuna mtoto ametembea kutoka mbali kwa ajili ya hicho kikombe.

Januari

Siku ya kwanza usiulize mlikula nini wala mlikwenda wapi. Salimia kila mmoja kwa jina, angalia macho, angalia midomo kama imepasuka, na hakikisha jiko la shule linaanza siku hiyo hiyo, msikubali kuambiwa chakula kitaanza wiki ya pili, nenda kwa hedi mapema, Desemba, ujue kuni na mahindi viko. Uji wa siku ya kwanza uwe mzito.

Halafu hesabu viti. Watoto wengine watachelewa kwa sababu ya yunifomu tu au deni la karo ndogo ndogo, waambie wazazi kabla ya kufunga kwamba mtoto aje hata na fulana, na wewe ukae pale getini siku hiyo ili asirudishwe. Ikifika Jumatano na kiti kiko tupu usitume barua na usimtume mtoto mwingine akaulize. Jioni ile ile chukua tuktuk, piga hodi, kaa kwenye kile kigoda ulichokaa Oktoba.